Wadudu waliongezeka wakati wa kafyu, au ni sisi tulioanza kuwaona?

#1 Mwalimu_Migosi

Habari wadau. Nina swali lililonikaa kichwani tangu 2020, na mvua ya wiki hii imenikumbusha. Wakati wa kafyu ya korona, hapa kwangu Migosi, Kisumu, wadudu walijaa. Sisemi mbu, mbu ni wenyeji. Nasema nyigu, kereng'ende, nondo wa ukubwa wa kiganja, mbawakawa wa rangi ambazo sikuwahi kuziona. Kafyu ikaisha, na ni kama nao wakahama. Waliongezeka kweli au ni macho yangu?

Nieleze kidogo. Nilikuwa nafundisha shule ya kibinafsi. Shule zilipofungwa katikati ya Machi, mshahara wa mwezi huo ulikuja nusu, wa Aprili haukuja kabisa. Nikawa mtu wa kuketi kibarazani kuanzia asubuhi na kikombe cha chai ya rangi, nahesabu madeni. Siku moja nikasikia mlio juu ya dirisha, kama mashine ya kinyozi iliyo nyumba ya tatu. Kumbe ni nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi wa kushonea, miguu ina manjano. Amebeba donge la tope na analipaka ukutani. Analia akiwa anapaka tu. Akimaliza, kimya, anaruka zake. Tope alikuwa analichota pale bomba la jirani linapovuja. Nikamtegea saa: dakika tatu, nne, karudi. Kufikia saa sita mchana alikuwa amemaliza chumba kimoja chenye urefu wa kidole cha mtoto.

Siku hiyo sikuhesabu madeni. Niligundua jioni, na nikaogopa kidogo.

#2 Fundi_Kondele

Mwalimu, mimi nimeona neno "wadudu" nikaja mbio nikidhani ni ile nyama ya nguruwe ya kukaanga. Narudi nilikotoka polepole.

#3 NyarSeme

Usiyalaumu macho, Mwalimu. Walikuwa wengi. Mvua zilianza Oktoba 2019 na kusema kweli hazikukatika. Ziwa likapanda hadi Mei 2020 likavunja rekodi ya 1964. Dunga maji yaliingia mpaka majumbani, Budalang'i watu wakahamia tutani. Penye maji ya kutuama pana viluwiluwi vya mbu, na penye hivyo pana kereng'ende, kwa sababu hata mtoto wake huishi majini akivila. Na huyo nyigu wako angejengea nini kama hakuna tope?

#4 Mvumilivu56

Sikubaliani na dada. Kama ni mvua, mwaka wa 1997 wa El Niño tungezikwa na wadudu. Nilikuwa Ahero, nakumbuka mbu na vyura, basi.

Mimi nasema ni taa. Baa zimefungwa, maduka yamefungwa saa moja jioni, mji mzima giza. Mdudu wa usiku akitafuta mwanga anapata balbu ya kibarazani kwa Mwalimu. Walikuwa walewale, ila walikuwa wamekusanywa.

#5 Fundi_Kondele

Nimerudi. Mzee wangu 56, taa za barabarani hazikuzimwa. Mimi ni fundi wa umeme, barabara ya Kondele ilikuwa inawaka usiku kucha na hakuna mtu, kama harusi iliyokimbiwa na bwana harusi. Na nyigu wa Mwalimu alikuwa anafanya kazi mchana. Taa inamhusu nini?

#6 Sisimizi14

Jina langu la humu lilizaliwa wakati huohuo, wacha niseme lilivyopatikana.

Nilirudi nchini wiki ya mwisho ya Machi 2020, nikapelekwa karantini moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Hosteli ya chuo, sitaji. Kitanda, ndoo, dirisha lisilofunguka zaidi ya vidole viwili. Tuliambiwa siku 14. Zikaisha, tukaambiwa mmoja wetu amepatikana nayo, zianze upya. Juu ya hayo tulikuwa tunadaiwa pesa za kila siku. Kuna siku nililia hadi mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kilichoniokoa ni sisimizi. Walikuwa wanapita mstari mmoja kutoka ufa wa dirisha hadi chini ya mlango. Nikaanza kuwawekea punje ya ugali. Wa kwanza anaigusa, anaizunguka, halafu anarudi mbio amekokota tumbo chini. Baada ya dakika kumi wamekuja arobaini. Siku moja nikalowesha kidole nikafuta sehemu ya njia yao, upana wa kidole tu. Ungedhani nimechimba bonde la ufa! Wanafika pale wanasimama, wanageuka, wanapapasana vichwa. Mmoja akavuka kwa bahati, mwingine akamfuata, njia ikarudi. Niliurudia mchezo huo kila siku saa nne asubuhi. Wauguzi wa zamu walijua nikiulizwa joto la mwili nitawajibu habari za sisimizi.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mwalimu: hawakuongezeka hata mmoja. Wale sisimizi walikuwa hosteli miaka yote. Waliopungua ni wanafunzi.

#7 Mwalimu_Migosi

Pole sana dada, na asante. Hapo kwa kidole nimepata picha.

Nimalizie ya nyigu. Chumba kilipokwisha akaanza kuleta buibui. Wadogo, wa kijani, wa kijivu, anawasukumia ndani kama mtu anayeshindilia magunia ya mahindi. Binti yangu Tausi (alikuwa na miaka minane) akataka kujua wanaenda kufanya nini humo. Nikafanya kosa la ualimu: nikakibandua chumba kimoja kwa kisu cha mezani tukakifungua juu ya gazeti. Buibui kumi na mmoja. Tausi akagusa mmoja kwa kijiti, mguu ukasogea. Hawajafa. Wamedungwa wakapooza tu, ili nyama isioze mtoto wa nyigu anapokula. Yai lenyewe lilikuwa limebandikwa kwenye buibui mmoja, jeupe, dogo kuliko punje ya mchele.

Tausi alilia mpaka akakataa chakula cha mchana. Eti kwa nini nimebomoa nyumba ya mtu. Hakuwalilia buibui!

#8 Mvumilivu56

Kwanza buibui si mdudu, ana miguu minane. Mdudu ana sita.

#9 Mpwani_Bara

Babu, hiyo ni hesabu ya darasani. Kwa Kiswahili chetu hata nge ni mdudu, hata jongoo. Hata maradhi ya jino ni mdudu. Usitufungie lugha kwa kuhesabu miguu.

#10 Fundi_Kondele

Kwangu huyo nyigu alijenga nyuma ya friji. Mama watoto alikuwa mjamzito na odowa, ule udongo wa kula, imepanda bei. Nilirudi jioni nikakuta ukuta umesafishwa. Sikuuliza.

#11 NyarSeme

😂 Fundi, heri wewe umesema. Wengi wamekula wakanyamaza.

#12 MjukuuWaBukusu

Hamjataja kumbikumbi na mnajiita watu wa magharibi? Sisi Bungoma tunawaita *chiswa*. Nyanya yangu alikuwa na kichuguu chake nyuma ya boma, hakiguswi na mtu. Kuna wale wa mchana ambao unawadanganya: unafunika kichuguu kwa blanketi au majani ya ndizi, unagonga vijiti juu ya ubao, tak-tak-tak-tak, wanadhani mvua inanyesha, wanatoka. Wengine ni wa usiku na hawadanganyiki, lazima usubiri mvua yenyewe.

Sasa kafyu ilikuwa ni saa moja jioni, na hao wa usiku wanatoka saa moja na nusu! Aprili ile mimi na binamu yangu tulijilaza kwenye mahindi na karai la maji na taa imefunikwa sufuria, kama wezi. Gari likapita barabarani linamulika. Tukabana pumzi. Likapita. Tunafunua taa, hao! Wanaanguka kwenye karai kama mtu anamwaga karanga. Mabawa yakatujaa puani, kwenye barakoa, kila mahali. Mabawa yao yana mkunjo mahali pa kukatikia, akitua anayapukutisha mwenyewe, kazi yake imekwisha.

Tulirudi na debe nusu. Nyanya alizikaanga bila mafuta, chumvi tu. Nasema kweli, mwaka ule wote wa korona nikiukumbuka, nakumbuka usiku huo kwanza.

#13 Omwami_Shinyalu

Mulamwa, debe nusu na haukuleta hata kikombe huku Kakamega. Nimeandika.

#14 MjukuuWaBukusu

Barabara ilifungwa mulamwa, ilikuwa kafyu 😅

#15 Fundi_Kondele

Kwetu kuna hata wale weusi, *onyoso*, wenye tumbo kubwa. Hao ndio kumbikumbi watamu kuliko wote.

#16 NyarSeme

Ndugu yangu, onyoso si kumbikumbi. Ni chungu, jamii ya sisimizi. Anaishi kwenye kichuguu cha mchwa kama mpangaji asiyelipa, ndiyo maana unamwona akitokea palepale. Malkia wake ni mnene vile, lakini wafanyakazi wake ni wadogo hata huwaoni vizuri. Tena tunakula tumbo tu, kichwa tunatupa. Kumbikumbi unamla mzima. Bondo pale chuo kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga wana kituo kizima cha utafiti wa wadudu wanaoliwa, nenda ukabishane nao.

#17 Fundi_Kondele

Ero kamano, nyamera. Miaka 37 nimekula mpangaji nikidhani ni mwenye nyumba.

#18 LanetKwetu

Nakuru hatukuwa na kumbikumbi wenu, lakini nina wangu. Kafyu ilipoanza Aprili 2020 mjini kwetu na tukafungiwa Nakuru nzima, nilikuwa na vunjajungu kwenye kichaka cha waridi. Jike, kijani kibichi. Nilikuwa namtazama asubuhi kabla watoto hawajaamka. Ananigeuzia shingo, kweli anageuza shingo, wadudu wengi hawawezi. Nikihamia kushoto, kichwa kinanifuata. Mume wangu alikuwa amekwama ng'ambo ya vizuizi Nairobi, kwa hiyo nikawa nakunywa uji na vunjajungu. Alikaa hapo wiki tatu hivi. Siku moja nikakuta ameshika kipepeo mweupe, anamla kuanzia kichwani taratibu kama mtu na muhindi wa kuchoma.

#19 Mvumilivu56

Masahihisho. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, nchi nzima, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Juni wakasogeza hadi saa tatu usiku. Nakuru kufungwa ilikuwa tarehe 26 Machi 2021, pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na walifungua Mei Mosi. Mama Lanet umechanganya mwaka mmoja na mwingine.

#20 LanetKwetu

Ni kweli mzee, asante. Ilikuwa 2021. Lakini ulivyosema, zote tano zilifungwa pamoja, Nakuru na Nairobi kipande kimoja, kwa hiyo mume wangu hakuwa amezuiwa na vizuizi. Hmm. Nitamuuliza jioni.

#21 Fundi_Kondele

Uzi huu sasa umevunja ndoa.

#22 Mpwani_Bara

Kabla ndoa haijavunjika, jungu. Dada wa Lanet ulimshika huyo mdudu? Kwetu ukimgusa kisha ukagusa chungu, chungu kinapasuka. Ndiyo jina lake hilo, vunja-jungu. Mama yangu alikuwa akimwona jikoni anahamisha vyombo vyote kwanza, ndipo anamtoa kwa ufagio.

#23 LanetKwetu

Mimi nilimgusa. Sufuria zangu ni za chuma, ziko salama. (Mume anasema alikuwa "anaogopa kutuletea ugonjwa". Tumeacha hapo.)

#24 Omwami_Shinyalu

Tena kumbukeni magharibi tulikuwa na fungu letu. Juni 2021 kaunti 13 za huku, Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega, Vihiga na zingine, tukarudishiwa kafyu ya saa moja jioni wakati Nairobi wanatembea. Hiyo ni baada ya sherehe za Madaraka kufanyiwa Kisumu, na wote tunajua nani alileta umati...

#25 Msimamizi

Omwami, siasa ina jukwaa lake. Hapa ni wadudu.

#26 Omwami_Shinyalu

Sawa mkuu. Wadudu basi. Msitu wa Kakamega una aina zaidi ya 400 za vipepeo, na ukiwa kando yake miezi ile hakuna magari ya watalii wala mapikipiki ya mkaa, vipepeo walikuwa wanatua barabarani kunywa chumvi kwenye matope, mia kwa pamoja. Nilikuwa napita na baiskeli nashuka ili nisiwakanyage. Kwa hiyo nasema ni magari. Magari yanaua wadudu wengi, angalieni kioo cha mbele cha matatu ya usiku.

#27 Mvumilivu56

Kioo cha matatu ya usiku siku hizi mbona ni safi? Zamani kutoka Nakuru hadi Kisumu utingo alifuta mara mbili.

#28 Omwami_Shinyalu

Ndiyo nasema, wamepungua!

#29 Mvumilivu56

Lakini hiyo si kafyu, hiyo ni miaka ishirini. Dawa za mashamba. Umebadilisha swali.

#30 JaMbita

Nimechelewa kuingia. Mimi ni mvuvi wa omena upande wa Mbita. Habari ya kuongezeka ulizeni sisi tunaolala ziwani. *Sam*, hao wadudu wa ziwa wanaopanda kama nguzo za moshi, wanafuata mwezi. Mwezi ukiwa mchanga, giza, ndipo wanatoka chini kwenye tope kwa mamilioni. Kafyu haiwahusu, mvua haiwahusu. Wavuvi tulipewa ruhusa baadaye lakini wiki za kwanza tulikaa pwani tunawatazama tu, moshi unatembea juu ya maji kuelekea Rusinga bila moto chini yake.

#31 Sisimizi14

Nilisoma kuna wengine wa ziwa hilohilo wanaotoka mwezi ukiwa mpevu, si giza. Wale wenye mikia mirefu, wakubwa wanaishi saa moja au mbili tu, wanapandana, wanataga, wanakufa. Watafiti waliwaandika tangu miaka ya 1950 upande wa Uganda.

#32 JaMbita

Mimi sijawahi kuwaona mwezi mpevu.

#33 Sisimizi14

Omena mnavua mwezi mpevu?

#34 JaMbita

Hapana. Taa zetu hazivuti samaki kukiwa na mbalamwezi. Tunalala nyumbani.

#35 Sisimizi14

Basi.

#36 JaMbita

😂😂 Dada umenifunga na kamba yangu mwenyewe.

#37 Mpwani_Bara

Hapa Sisimizi amegusa penyewe. Kafyu ilitufanya wote tuwe nyumbani saa kumi na mbili na nusu jioni. Hiyo saa nilikuwa sijawahi kuiona nikiwa nimeketi. Miaka yote ilinikuta kwenye matatu au kazini. Na ndiyo saa nyenje wanaanza, nondo wanatoka, vimulimuli wanawaka. Huyo mvuvi hana macho mabaya, hakuwepo tu.

#38 NyarSeme

Mnanirudisha nyuma. Ziwa lilipanda ama halikupanda? Lilipanda! Na nyasi je? Miezi miwili hakuna aliyefyeka kando ya barabara, hakuna aliyepiga dawa kwenye ua wa mashule. Uwanja wa shule jirani nyasi zilifika kiunoni, panzi ndani kama soko. Na nzige wa jangwani wa mwaka huohuo, waliofika Turkana, Samburu na Baringo, hao nao tuliwaona kwa sababu tumekaa nyumbani? 😏

#39 Mpwani_Bara

Nzige waliingia nchini Desemba 2019, kabla ya korona. Hiyo ni kesi nyingine, usiitie kwenye faili hili.

#40 Mvumilivu56

Posti 39 na hakuna aliyeleta hesabu. Mwalimu, wewe ni mwalimu. Una hesabu yoyote?

#41 Mwalimu_Migosi

Kuna daftari la Tausi. Baada ya kisa cha nyigu nilimwahidi hatubomoi tena, tutahesabu. Kila jioni saa moja na nusu, dakika kumi, chini ya balbu ya kibarazani, aina ngapi. Nimelitoa chini ya kitanda sasa hivi. Tarehe 9 Mei 2020 ameandika "aina 14 na mmoja hana jina". Amemchora. Ana pembe. Tarehe 10 ni aina 11. Tarehe 12 ameandika "stima imepotea".

Kuna ukurasa mmoja amechora vishimo vya mchanga vya yule mdudu wa chini ya ukuta, anayechimba faneli na kukaa katikati amefukiwa, chungu akiteleza anarushiwa mchanga. Hivi anaitwaje? Tulishindwa.

#42 MjukuuWaBukusu

Sisi tulimwita tu wa kurudi nyuma, maana ukimweka chini hajui kwenda mbele.

#43 Sisimizi14

Akikua anafanana na kereng'ende lakini mvivu, anaruka usiku. Na akiwa mtoto hana pa kujisaidia. Anashika yote tumboni mpaka agome kuwa mtoto. Karantini hiyo.

#44 Mvumilivu56

Mwalimu, fanya hivi. Leo, saa moja na nusu, mahali palepale, dakika kumi. Utuletee idadi. Tumalize maneno.

#45 Fundi_Kondele

Tumekaa tayari. Chai iko mezani.

#46 Mwalimu_Migosi

Nimehesabu. Tausi pia, sasa ni mrefu kunizidi bega, alikubali baada ya kubembelezwa. Aina 9.

#47 Mvumilivu56

Tisa dhidi ya kumi na nne. Walipungua, basi. Dada NyarSeme, nakupa pointi, ingawa si kwa sababu ya mvua.

#48 Fundi_Kondele

Subirini kwanza. Mwalimu, balbu ni ileile?

#49 Mwalimu_Migosi

La. Ile ya zamani iliyojipinda iliungua. Hii ni LED, ile ya mwanga wa njano.

#50 Fundi_Kondele

Hesabu haina maana basi. Hizo za njano haziwavuti wadudu kama zile za zamani, ndizo tunazowafungia wenye hoteli za kando ya ziwa kwa sababu hiyohiyo. Mtafute balbu ya zamani. Ninayo moja dukani, nitakuuzia kwa bei ya rafiki.

#51 Omwami_Shinyalu

Fundi amekuja kwenye uzi kutafuta nguruwe, anaondoka na mteja.

#52 Sisimizi14

Na kuhesabu siku moja hakutoshi. Tausi alihesabu miezi. Mei kwa Mei, Mwalimu.

#53 Mwalimu_Migosi

Tutahesabu Mei yote, Fundi niwekee balbu. Ila kwa sasa naomba ruhusa, ngurumo imepita dakika ishirini zilizopita na kuna kitu kinagonga dirisha, tak, tak. Tausi anapiga kelele anataka beseni.

#54 MjukuuWaBukusu

ZIMA TAA ZA NDANI MWALIMU ACHA YA NJE TU

#55 Omwami_Shinyalu

Migosi ni wapi hasa? Nauliza tu.